Kyaghanda ndani ya Telefone: Kubaki ao Kuhama?

Swali tunalotaka kutazama katika kurasa hizi linaonekana dogo, lakini si dogo. Mahali pa mazungumzo pakiharibika, mtu mwema afanye nini? Abaki apatengeneze? Ao aondoke, atafute watu wengine wenye kusemezana kwa heshima? Zamani swali hilo liliulizwa juu ya baraza, na juu ya mahali pa kunywea kasiksi. Leo, hapa Beni na kule Butembo, linaulizwa juu ya telefone. Wanafunzi wetu wa sekondari wanatuuliza wazi: "Mwalimu, mu grupe yetu banatukanana kila siku. Nitoke ao nibaki?" Sisi walimu tumezoea kujibu haraka: zima telefone, fungua daftari. Jibu hilo halitoshi, maana wazazi wao wako ndani ya grupe zilezile, na wakubwa wa masomo pia.

Tuanze na kitu tunachokijua. Kwetu Wayira kyaghanda ilikuwa nyumba ya mazungumzo. Moto katikati, wanaume kuuzunguka, kijana nyuma ya baba yake. Mgeni alipokelewa pale kwanza. Kesi za mipaka ya mashamba zilisikilizwa pale, na pale mtoto mwanaume alifundishwa historia ya ukoo wake na namna ya kunyamaza mkubwa anaposema. Leo jina hilo limechukuliwa na shirika la kusaidiana la jamii yetu, na vijana wengi wa hapa Mulekera ukiwauliza Kyaghanda ni nini, watakuambia ni ofisi.

Kinachotupendeza si moto ule peke yake, ni namna mambo yalivyopangwa. Hakukukuwa kyaghanda moja kubwa ya Wayira wote, toka Lubero mpaka Beni. Kila kilima kilikuwa na yake, na mzee wake, na kawaida zake. Lakini hazikukuwa zimefungwa. Mtu alitoka kilima hiki akaenda kile, akakaa, akaulizwa: wewe mwana wa nani, nani amekutuma, umeona mwenyewe ao umesikia? Habari ilitembea toka moto mpaka moto, na kila mara ilitembea pamoja na jina la aliyeileta. Mwongo alijulikana vilima viwili mbele yake. Mtu mwenye mdomo mbaya hakufukuzwa duniani. Alinyimwa kiti tu, mpaka alete kitu cha kuomba msamaha. Na kama kyaghanda yenyewe iliharibika, kama mzee wake alikuwa mlevi ao mwenye upendeleo, watu waliwasha moto mwingine kwenye kilima cha pili, na kusalimiana kukaendelea.

Tusipambe kupita kiasi. Mama zetu hawakukaa pale. Mazungumzo yao yalikuwa kwenye jiko, kwenye shamba, na ndani ya likirimba, ambamo walilimiana na kuwekeana akiba. Kijana alikuwa na haki ya kusikia tu. Tunaposema kwamba kyaghanda ilikuwa na utulivu, tukumbuke kwamba sehemu ya utulivu ule ililipwa na ukimya wa mama zetu. Swali hili litarudi mbele kidogo.

Kati ya kyaghanda na telefone kulipita foni. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya 1990, mbele telefone za mfukoni hazijafika. Mfanyabiashara wa Butembo aliyetaka kusemezana na ndugu yake wa Kisangani ao wa Bunia alienda kwenye nyumba ya foni, akaita kwa sauti kubwa, na watu wote waliokaa kwenye benchi walisikia bei ya mafuta, habari ya ugonjwa, hata ugomvi wa bibi na bwana. Siri hakuna. Foni ilikuwa ya kuchosha, hakuna anayeililia. Lakini aliyesema alijua kwamba anasikiwa na watu wanaomtambua kwa sura, na hiyo ilimfanya apime maneno yake.

Telefone ya leo imegeuza mambo. Watu 300 wako ndani ya grupe moja, nusu yao hawajawahi kuonana. Mtu anatuma sauti ya dakika tatu, anasema "watume wengine mbele masaa sita hayajafika", na hakuna anayejua nani aliisema mara ya kwanza. WhatsApp wenyewe waliona hatari hiyo: Januari 2019 walipunguza kwa dunia nzima, ujumbe mmoja usiweze kupelekwa mbele kwa zaidi ya watu ao grupe tano kwa mara moja, na Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kutembea sana ukazuiwa usiende ila kwa mmoja mmoja. Ni kama kurudisha mguu kwa habari, isiruke bali itembee. Wazee wa kilima wangelielewa jambo hilo bila kufasiriwa.

Hapa kwetu tuliona kwa macho namna maneno yanavyoweza kuwa moto. Agosti 1, 2018 serikali ilitangaza Ebola kule Mangina, karibu kilometa 30 toka Beni. Iliisha rasmi Juni 25, 2020, kisha kuugua watu 3,470 na kufa 2,287. Katika Septemba 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na karibu mmoja kwa wanne alijibu kwamba Ebola haiko ya kweli. Je, watu hao walikuwa wajinga? Sisi tunakataa. Walikuwa watu waliochinjiwa ndugu zao tangu Oktoba 2014 bila kuona msaada, halafu ghafula wakaona magari mapya yanafika kwa sababu ya ugonjwa. Kisha Desemba 26, 2018, CENI ikasogeza uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, na nchi ikapiga kura Desemba 30 bila sisi. Watu wa Beni wakajipangia kura yao wenyewe siku ileile, wakasimama kwenye mistari, wakanawa mikono. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Ndani ya hali kama hiyo, nani angemwamini msemaji wa serikali kuliko sauti ya jirani kwenye grupe?

Na Aprili 19, 2019, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu, Butembo. Hatusemi kwamba ujumbe fulani wa telefone ndio uliomuua. Walioua walikuwa na bunduki. Tunasema kwamba mbele ya bunduki kulikuwa miezi mingi ya maneno, na kwamba wengi wetu tulikuwa ndani ya grupe ambamo maneno hayo yalipita.

Kwa upande mwingine, na hapa ndipo swali letu linakuwa gumu, grupe hizohizo zimeokoa watu. Mtu akisikia risasi upande wa Mayangose ao njia ya Mbau, anaandika mara moja, na mama aliyetaka kwenda kuvuna kakao asubuhi anabaki nyumbani. Sasa mwambie mama huyo atoke ndani ya grupe kwa sababu munatukanana. Atapata usingizi mzuri usiku. Lakini asubuhi ataenda shambani bila kujua. Ndiyo maana hatuwezi kujibu wanafunzi wetu kwa wepesi. Wenye kukaa Ulaya ao Marekani wanaweza kuhama kwa ajili ya amani ya roho tu. Kwetu, mahali penye sumu na mahali penye habari ya kuokoa maisha ni mahali pamoja.

Tuseme sasa juu ya nyumba yenyewe, maana mara nyingi tunalaumu wakaaji na kusahau mwenye kujenga. Facebook ni nyumba moja kubwa sana yenye mwenye nyumba mmoja, na yeye anaishi mbali. Analipwa na wenye kutangaza biashara, basi anapenda watu wakae ndani muda mrefu, na hakuna kinachomshika mtu kama hasira. Halafu nani anasafisha? Kwa Afrika ya Mashariki kazi hiyo ilifanywa kwa miaka kadhaa Nairobi, na vijana walioajiriwa na kampuni Sama. Daniel Motaung, kijana wa Afrika ya Kusini aliyefanya kazi pale, alipeleka Meta na Sama mahakamani mwezi wa Mei 2022, akieleza ginsi kutazama picha za mauaji kila siku kulivyomvunja. Desemba ya mwaka uleule Abrham Meareg, Mwethiopia, naye alifungua kesi Nairobi: baba yake, profesa wa kemia Meareg Amare, aliuawa Novemba 2021 kisha jina lake na mahali pake kutangazwa kwenye Facebook, mtoto aliomba ifutwe, haikufutwa kwa wakati. Aprili 2025 mahakama ya Kenya ilisema kwamba ina haki ya kusikiliza kesi hiyo. Msomaji ajiulize: kama kwa Kiamhari, lugha ya mamilioni ya watu, msaada ulikawia vile, nani kule anasoma Kinande? Tusi la Kinande linapita mlangoni bila kuulizwa kitu.

Kuko watu waliofikiri kujenga kwa namna nyingine. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa programu inayoitwa Mastodon. Inafanana na Twitter kwa sura, lakini haina nyumba moja. Kila chama, kila masomo, kila kikundi cha watu wenye kupenda jambo moja kinaweza kuweka seva yake, yaani kompyuta yenye kutunza maneno yao, na kuandika sheria zake na kuchagua wazee wake. Seva hizo zinasemezana, sababu zinafuata kawaida moja iliyokubaliwa Januari 2018, jina lake ActivityPub. Wewe uko kwenye seva ndogo ya watu 200, mimi niko kwenye ya watu elfu kumi, na tunasalimiana. Ukiona seva yako imeharibika, unahamia nyingine na wale waliokufuata wanaweza kuja nyuma yako. Ndugu msomaji, umekwisha kutambua. Ni vilima na kyaghanda zao, na mgeni anayetembea kati.

Mambo mengine madogo ya nyumba hiyo yanafundisha. Maneno yanapangwa kwa kufuata saa yalipoandikwa, si kwa kufuata hasira yanayoleta. Na kwa miaka mingi, mpaka 2025, Mastodon ilikataa kuweka ile njia ya kuchukua maneno ya mwenzako na kuyainua mbele ya watu wako ili wamcheke. Ilipokubali, iliweka kwamba mwenye maneno anaweza kukatalia wengine. Elon Musk aliponunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola milioni elfu 44, mamia ya maelfu ya watu walihamia Mastodon ndani ya wiki chache tu. Wengine wengi baadaye walikwenda Bluesky, iliyofungua mlango kwa kila mtu Februari 2024. Na Januari 2025 Rochko alitangaza kwamba jina na mali ya Mastodon vitawekwa mikononi mwa shirika lisilotafuta faida, visibaki mikononi mwake. Mzee anayetoka kwenye kiti chake bila kusukumwa, hiyo ni habari ya kuandika.

Lakini je, ugomvi uliisha? Haukuisha. Julai 2019 mtandao Gab, wenye kujulikana Marekani kwa chuki ya rangi, ulichukua programu ileile ya Mastodon na kuitumia. Rochko hakuweza kuwakatalia, kwa sababu programu iko ya wazi kwa watu wote. Kilichotokea ni kwamba seva nyingi, kila moja kwa kukata shauri lake, zilifunga mlango. Gab ikabaki na moto wake peke yake. Hakukuwa hakimu mkubwa, kulikuwa majirani tu wenye kusema: ninyi hamuketi kwetu. Hilo tunalisifu.

Jambo la pili hatulisifu. Mwaka 2022, wakati wa kuhama kule, watu weusi wengi waliofika Mastodon walieleza kwamba walipoandika juu ya ubaguzi waliousikia mwilini mwao, wenyeji waliwaambia wafiche maneno hayo nyuma ya onyo, yasisumbue amani ya wasomaji. Hapa tunarudi kwa mama zetu. Mahali patulivu panaweza kuwa patulivu kwa sababu watu wanaheshimiana, ao kwa sababu wenye kulia wamewekwa inje. Kwa mtu aliyeketi karibu na moto, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Yeye anaona watu wote wanacheka vizuri. Tofauti inaonekana tu kwa yule aliye inje kwenye mvua, na kwa hiyo ni yeye wa kuulizwa kama kyaghanda ni nzuri. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo, na tunakiweka mbele ya uzuri wa programu yoyote.

Kwa hiyo, kuhama ni haki? Wengine husema kwamba mtu anayeondoka anawaacha wenzake ndani ya uchafu, ni mwoga. Tunaona wanasema nusu ya ukweli. Msichana ambaye picha yake inatembezwa na kuchekwa hana deni la kubaki ili awe mwalimu wa wenye kumcheka. Aondoke leo. Aliyetukanwa kwa sababu ya kabila lake naye vilevile. Tangu 2025, wakati M23 ilipoingia Goma na wakuu wa jimbo wakahamia Beni, mji wetu umepokea watu toka pande nyingi, na tumesoma mambo ya aibu waliyoandikiwa. Kumwambia mgeni kama huyo "vumilia, tutatengeneza" ni kumkopa kitu ambacho hatutalipa.

Lakini mtu mwenye nguvu ndani ya grupe, yule ambaye akiandika watu wanasoma, mwalimu, mchungaji, daktari, shefu wa kartie, yeye hali yake ni nyingine. Akitoka kimya kwa sababu amechoka, grupe inabaki kwa wenye sauti kubwa. Tumeona mara nyingi: wenye busara kumi wanaondoka kwa zamu, kila mmoja anasema "mimi mmoja sitabadilisha kitu", na wote kumi wako kweli, na grupe inakufa. Kwa mtu kama huyo tunaona kwamba kuondoka kunaruhusiwa kama anaenda kuwasha moto mwingine na kuwaonyesha watu njia, si kama anaenda kuota moto wa wengine. Na hata akiwasha, aache mguu mmoja kule alikotoka, kwa ajili ya yule mama wa kakao.

Seva ya Mastodon kwa Beni, je, inawezekana? Kwa akili, ndiyo. Vijana wanaojifunza kompyuta kwenye vyuo vyetu vikuu wanaweza kuiweka. Lakini seva inaomba umeme usiokatika, pesa za kila mwezi, na mtu wa kuamka usiku kufuta matusi, na mtu huyo anachoka. Nyingi za Ulaya zimefungwa kwa sababu hiyo tu. Tena watu wetu wananunua mega za kutumia WhatsApp, na mega hizo hazifungui kitu kingine. Hatutaki kuuza ndoto. Tunachoweza kuchukua leo ni mpango, hata kama programu itangoje.

Tunaijua grupe moja ya wazazi, hapahapa Mulekera, iliyokua mpaka ikapita watu 400, na mwishoni hakuna aliyeisoma isipokuwa kwa kutafuta nani ametukanwa. Mama mmoja mwenye kuuza unga, mtunza hesabu wa likirimba, ndiye aliyeleta shauri la kuigawanya kwa avenyu. Kila avenyu ikapata grupe yake ndogo, watu 30 ao 40 wenye kujuana kwa nyumba, na wazee wawili, mwanamume na mwanamke, bibi huyo alishikilia hapo. Wazee wa avenyu zote wana grupe yao wenyewe, na habari ya hatari inapita kwao: nani ameona, wapi, saa ngapi. Bila majibu hayo haipiti. Ujumbe uliotoka mbali bila jina hauingii. Mtu akitukana anaandikiwa pembeni mara moja. Akirudia, anatolewa mpaka aje kwa miguu yake mwenyewe kwa aliyemtukana, nyumbani, wasemezane wakionana uso kwa uso.

Kumetokea shida, lazima tuseme. Avenyu moja ilikataa kupokea wapangaji wapya waliokimbia vita, ikisema hawajulikani. Ikabishaniwa wiki tatu. Wazee wa avenyu jirani wakasema kwamba kama wapangaji hao hawatapata habari ya risasi kwa wakati, damu yao itaulizwa kwa nani? Wapangaji wakaingizwa, kila mmoja akisimamiwa na mwenye nyumba wake kama mgeni wa zamani alivyosimamiwa. Wazazi wawili wakatoka kwa hasira. Mmoja amekwisha kurudi. Yule mwingine bado, na nafasi yake haijafungwa.